Jina Lako Ndilo Dhamana Yako



Juma hili tuzungumze juu ya jina. Mwanamke wa kwetu ana majina mengi kuliko vitenge. Kuna lile alilopewa na wazee siku ya kuzaliwa. Kuna la ubatizo. Akiolewa, watu wanamwita kwa jina la bwana yake: madamu wa fulani. Akizaa, majina hayo yote yanalala, naye anakuwa Mama Furaha au Mama Baraka mpaka siku ya kuzikwa. Hiyo ni heshima, na sitaki iondoke. Lakini siku mwanamke anapokwenda kuomba mkopo, heshima hiyo haimsaidii. Anayetoa pesa anauliza swali moja tu: wewe ni nani, na tutajuaje kwamba yule aliyelipa vizuri mwaka jana ni wewe?

Mimi nauza maharagwe. Nanunua Masisi wakati wa mavuno na kupeleka upande wa Walikale, ambako watu wa machimbo wanahitaji chakula na mashamba yanatoa zaidi mihogo, ndizi na mawese. Nikirudi nabeba mawese. Kazi hii inataka pesa kwa wakati wake. Maharagwe yanapotoka shambani, Januari na tena Juni, bei iko chini. Ukingoja kidogo imekwisha kupanda. Mwenye pesa katika majuma yale machache anapata faida. Asiye nayo anabeba mizigo ya wengine.

Kwa hiyo nimekopa miaka mingi. Mwanzoni nilikopa kupitia kitabu cha bwana yangu, katika ushirika mmoja wa akiba na mikopo ambao sitautaja. Wakati ule sheria yenyewe ilitaka hivyo. Kodi ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilisema mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kabla ya kujifunga katika mapatano ya sheria. Basi mkopo ulikuwa wa bwana kwenye karatasi, lakini mimi ndiye niliyeufanyia kazi, na mimi ndiye niliyekwenda kulipa kila mwisho wa mwezi. Mikopo sita ililipwa hivyo. Katika daftari la ushirika, mlipaji mzuri ni yeye. Jina langu halimo hata mahali pamoja.

Tarehe 15 Julai 2016 sheria namba 16/008 ilibadilisha kodi ile. Ile ruhusa ya bwana iliondolewa, na sasa bwana na bibi wanatakiwa kupatana juu ya mambo yanayowafunga. Nilifurahi. Mwaka uliofuata nikaenda kufungua kitabu changu. Ajenti aliyenipokea aliuliza, "Madamu wa nani?" Nikajibu, nikampa na karte yangu ya uchaguzi yenye majina yangu ya kuzaliwa. Akaangalia picha, akasema ni wewe, inatosha. Kisha akaandika "Madamu", akafuatisha jina la bwana yangu, akamalizia na jina langu la ubatizo. Kwa kitabu hicho nilikopa mara tano, na mara zote tano nililipa kabla ya tarehe. Mkopo wa mwisho ulikuwa wa dola 200.

Mnajua yaliyofuata, kwa maana mmeyapitia pia. Vita, kukimbia, kurudi, kukimbia tena. Wakati wa kuandikisha wapiga kura mwaka 2023 nilikuwa Walikale, nikapata karte mpya huko. Wengi wa Masisi hawakupata nafasi hiyo, na tarehe 20 Desemba 2023 uchaguzi haukufanyika Masisi wala Rutshuru. Kwa hiyo katika kikundi kimoja leo utakuta mama mwenye karte ya 2017, mwingine ya 2023, na mwingine hana karte yoyote, ana karatasi tu ya kushuhudia kwamba alipoteza vitambulisho. Karte yangu mpya ilikuwa na namba nyingine, na jina langu la pili lilipungukiwa na herufi moja.

Nikaenda kuomba dola 400 kwa ajili ya mavuno ya Juni. Ajenti alikuwa mpya. Alifungua daftari, akaangalia karte, akaangalia tena daftari. Akaniambia kwa upole, "Mama, mwanamke huyu wa daftari ni mlipaji mzuri sana. Lakini karatasi zako hazionyeshi kwamba ni wewe." Akanihesabu kama mwanachama mpya. Na mwanachama mpya kwao anaanzia dola 50.

Bwana yangu alikuwa amekwisha kufariki. Hakuna aliyeweza kusimama pale na kusema huyu ndiye. Miaka yangu yote ya kulipa ilikuwa imeandikwa kwa watu wawili: mmoja amekufa, na mwingine hayupo duniani ila katika daftari lile.

Nilikasirika, lakini nilipotulia nilimwelewa. Wakopeshaji wamekwisha kuona mengi. Kuna watu wanaochukua mkopo kwa jina moja, wanahama, kisha wanafungua kitabu kwa jina jingine mahali ambapo hawajulikani. Kwa sababu ya hao, kila jina jipya linatiwa shaka. Na tuseme wazi hapa, ili asije mama akadanganyika: kubadilisha jina hakufuti deni. Deni linamfuata mtu. Hata tribinali ikikupa jina jipya kabisa leo, ulichokopa jana bado ni chako. Ila sifa nzuri ni dhaifu kuliko deni. Anayekudai atakutafuta mpaka akupate, lakini sifa yako ya kulipa haina mtu wa kuitafuta isipokuwa wewe mwenyewe.

Katika nchi nyingine mambo haya ni mepesi kidogo. Kenya, kwa mfano, kila mtu mzima ana kitambulisho cha taifa chenye namba. Kampuni zinazokusanya habari za wakopaji zinafuata namba hiyo. Mwanamke wa Nairobi akiolewa na kuchukua jina la bwana, jina linageuka, namba inabaki, na historia yake ya kulipa inabaki pamoja nayo. Kwetu wengi tunajitambulisha kwa karte ya uchaguzi, na kila uandikishaji unaleta karte nyingine. Benki Kuu ya Kongo inayo daftari yake ya kukusanya habari za wakopaji kutoka kwa wanaokopesha, lakini habari zikipelekwa kwa jina ambalo si lako, zinamjenga mtu mwingine. Kwa mama wa kwetu, namba si uti wa mgongo. Jina ndilo uti wa mgongo.

Nilikwenda kwanza kwenye ofisi ya sheferi, kule eta-sivili, nikiwa nimeshika wazo ambalo dada wengi walinipa: ubadilishe jina, uchukue la bwana kisheria, mambo yaishe. Karani wa pale akaniambia kwamba yeye hana uwezo huo. Akanituma kwenye tribinali ya amani. Huko nilijifunza mambo matatu ambayo natamani kila mama ayajue, maana tunayachanganya.

La kwanza: ndoa peke yake haibadilishi jina la mwanamke katika sheria yetu. Ulizaliwa na majina yako, na unabaki nayo ukiolewa, ukiwa mjane, au mkiachana. Watu kukuita kwa jina la bwana ni desturi nzuri ya kijamii, lakini si jina lako la sheria. Kwa hiyo ushirika ukikuandika "Madamu wa fulani", huna haja ya kubadilisha jina. Ni ushirika unaotakiwa kusahihisha daftari yake.

La pili: herufi iliyokosewa si jina jipya. Ni kosa la kuandika, na linarekebishwa kwa kuonyesha karatasi ya msingi, yaani cheti cha kuzaliwa. Hapo ndipo wengi wetu tunakwama, kwa sababu tulizaliwa kijijini na hatukuandikishwa. Sheria inatoa siku 90 kuandikisha mtoto. Zikipita, ni lazima kupata hukumu ya tribinali inayochukua nafasi ya tangazo lile la kuzaliwa, kisha eta-sivili inaandika cheti kwa kufuata hukumu hiyo. Hata mtu mzima anaweza kuiomba. Unaleta mashahidi wanaokujua tangu utoto.

La tatu: kubadilisha jina kwa kweli ni jambo zito. Kifungu cha 64 cha Kodi ya Familia kinaanza kwa kukataa: haruhusiwi mtu kubadilisha jina lake, lote au sehemu, wala namna linavyoandikwa, wala mpangilio wake. Tribinali ya amani inaweza kuruhusu, lakini kwa sababu ya haki. Ikikubali, uamuzi unapelekwa eta-sivili ili karatasi zako zisahihishwe, na unatangazwa katika Gazeti Rasmi la nchi. Mkishapata uamuzi kama huo, usiuweke ndani ya sanduku tu. Upeleke kwa kila mtu anayeshika pesa zako au deni lako: ushirika, kikundi, kampuni ya simu, mwenye kukukodisha ghala. Wakiwa hawajui, mbele yao wewe ni wawili.

Karani wa tribinali alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mama, wewe hujabadilisha jina. Ni wengine waliokubadilishia." Maneno hayo yalinipa nguvu kuliko ushauri wote. Nikaacha wazo la kuchukua jina jingine, nikaanza kutafuta karatasi ya kuonyesha lile nililozaliwa nalo. Mjomba wangu alikuja kushuhudia, pamoja na mama mzee aliyemsaidia mama yangu siku ya kunizaa. Nikapata hukumu, nikapata cheti cha kuzaliwa nikiwa na wajukuu. Nikaunganisha na cheti cha ndoa, karte ya zamani, karte mpya, na risiti zote nilizokuwa nimezifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kukimbia nazo.

Kamati ya ushirika ilizisoma, ikaandika katika daftari kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja. Nilianza kuhangaika mwezi wa Aprili. Walipotia sahihi ilikuwa Septemba. Maharagwe ya Juni yalikuwa yamekwenda na wengine. Nilipewa dola 250, si 400. Lakini tangu siku hiyo, kila feranga ninayolipa inaandikwa kwa jina langu.

Wamama, sisi si wa kwanza kusumbuliwa na jina. Mama zetu walipitia makubwa zaidi. Nchi iliitwa Zaire tangu Oktoba 1971, na mwaka 1972 Mobutu aliamuru kila mtu aache jina la kizungu na kuchukua la kikwetu. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko. Mama aliyebatizwa Maria akawa na karte ya ubatizo yenye jina moja na kitambulisho cha serikali chenye jina jingine. Baada ya 1990 majina ya ubatizo yakarudi hadharani. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Masisi utakuta karatasi ya shamba, karte ya parokia na kitambulisho vya mtu mmoja, na kila kimoja kinamwita kwa namna yake. Mzee akifa, watoto wanabaki kuthibitisha kwamba watu watatu walikuwa baba mmoja.

Na kuna jambo lingine ambalo tunalisema kwa sauti ndogo. Kwetu jina linasema kabila. Kuna mama aliyefupisha jina lake njiani, au aliyejitaja kwa jina la ubatizo peke yake, ili apite kizuizi salama na watoto wake. Sitamlaumu, na asilaumiwe na mtu. Uhai kwanza. Ila akifika mahali pa usalama, asiache jina lile la njiani liingie katika daftari la mkopo. Litakuja kumdai maelezo baadaye.

Sasa tuje kwenye vikundi vyetu vya AVEC, maana huko ndiko wengi tunakoweka na kukopa. Njia hii ya vikundi ilianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kati ya wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, na leo imeenea Afrika nzima. Nguvu yake ni kwamba tunajuana kwa sura. Sanduku lina makufuli matatu, funguo ziko kwa wamama watatu, na hesabu inafanywa mbele ya wote. Kwa hiyo tunaandika tu "Mama Furaha, hisa tatu", na kila mtu anajua ni nani.

Inatosha siku tunapokuwa pamoja. Lakini kikundi kikitawanyika, kama vingi vilivyotawanyika, daftari lile linakuwa ushahidi peke yake. Katika kikundi chetu tulikuwa na Mama Furaha watatu. Wawili walikuwa wameweka hisa, mmoja alikuwa na deni. Tulipokutana tena baada ya kukimbia, mtunza daftari wetu hakuwepo, na ilituchukua siku nzima ya maneno makali kujua pesa ni za nani. Hakuna aliyeiba. Daftari tu halikuwa na majina ya kutosha.

Vilevile, mama akitaka kupanda kutoka kikundi kwenda kwenye ushirika mkubwa, na akaleta barua ya kikundi kwamba amelipa vizuri miaka minne, barua ikisema "Mama Furaha" haimsaidii. Ikisema majina yake yote, ajenti anaweza kuisoma sambamba na karte yake.

Sisi tulifanya hivi, na ninyi mnaweza kufanya. Tulitenga ukurasa mmoja wa daftari kwa kila mwanachama. Juu tuliandika majina yake yote kama yalivyo kwenye kitambulisho, kwa mpangilio uleule na herufi zilezile. Chini yake, jina tunalomwitia, ili Mama Furaha asipotee. Kisha jina la baba yake na la mama yake, kijiji na gurupema alikozaliwa, na mwaka. Kisha namba ya karte aliyonayo, na nafasi ya kuandika namba ya karte itakayokuja. Mwisho, alama ya kidole gumba, kwa maana kidole hakikosei herufi. Asiye na kitambulisho tulimwandika kwa ushahidi wa wanachama wawili, nao wakatia vidole vyao. Nakala ya pili ya kurasa hizo inakaa nyumba nyingine, si pale penye sanduku.

Na simu, wamama. Pesa nyingi sasa zinapita kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Uliza namba unayotumia imeandikishwa kwa jina la nani. Kama ni ya kijana wako au ya shemeji, basi mwenye pesa mbele ya kampuni ni yeye. Nenda na kitambulisho chako uandikishe namba yako mwenyewe.

Kwa mama anayesoma haya na tayari majina yake yanagongana, usingoje siku ya shida. Tafuta kwanza karatasi moja ya msingi, kisha peleka nyingine zote ziifuate hiyo. Ukienda kwa mkopeshaji, omba ayaandike majina mbele yako, na kabla ya kutia sahihi mwombe akusomee kwa sauti, herufi kwa herufi. Kama hujui kusoma, nenda na binti yako wa shule. Binti wa darasa la nne anatosha kwa kazi hiyo.

Katika mkutano wa juma hili, kabla ya kufungua sanduku, naomba kila kikundi kifanye jambo dogo. Kila mama asimame na kutaja majina yake yote, lile la wazee, la ubatizo na lile la mtoto wake. Mwandishi ayaandike polepole. Kwetu, wamama wawili walisimama, wakataja jina ambalo hatukuwa tumelisikia miaka kumi tuliyokaa pamoja. Mmoja wao alipomaliza aliomba tumrudishie daftari aliangalie, akaweka kidole juu ya mstari wake, akasema, "Basi hata mimi nimo."